Msiulize Gunia, Muulizeni Samaki: Dagaa, Migebuka na Vibua katika Soko la Tabora

Maneno haya yalisemwa mbele ya wauza samaki na mama lishe wa Tabora. Yanawekwa hapa yote kwa ajili ya waliobaki kulinda meza. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa. Pale zilipohitajika, maelezo yameongezwa kidogo.

Mwenyekiti wa soko, wazee wetu, shikamooni. Mama zangu wa mafungu, mama lishe wa stesheni, kaka zangu wa bei ya jumla: mwangaluka!

(Ukumbi ukaitika.)

Asanteni. Nani kati yenu ameuza dagaa wa Kigoma asubuhi hii? Nyosheni mikono. Naam, ni mingi. Shusheni. Sasa nani kati ya mlionyosha anaweza kusimama hapa, asimtaje aliyemletea mzigo, asisome maandishi ya gunia, akatuonyesha kwenye mwili wa samaki mwenyewe kwamba huyu ametoka Ziwa Tanganyika?

Mikono imepungua. Basi tuna kazi.

Tabora ni mahali pa pekee kwa jambo hili. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Tangu hapo mji huu umekaa penye njia panda: Tanganyika magharibi, Viktoria kaskazini, bahari mashariki. Mtu wa Kigoma hana haja ya kujua dagaa wa Mwanza anafananaje, na mtu wa Zanzibar hana haja ya kumjua wa Kigoma. Ninyi mna haja ya kuwajua wote, kwa sababu wote wanashushwa hapa, kwa behewa au kwa lori, na wote wanaitwa dagaa.

Na hawa si ndugu. Dagaa wa Kigoma ni wa jamii ya samaki waitwao simu na dagaa papa wa baharini, ila yeye alizaliwa ziwani, na kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa Ziwa Tanganyika. Wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae. Dagaa wa Mwanza, Rastrineobola argentea, ambaye Wakenya wanamwita omena na Waganda mukene, ni wa ukoo wa ningu na kuyu. Dagaa mchele wa baharini ni ukoo wa tatu kabisa. Koo tatu, maji matatu, meza moja.

Jambo la kwanza, na ndilo nitakalokaa nalo sana, ni mwili wa samaki.

Dagaa mkavu amejikunja, kwa hiyo msihangaike kumkagua hivyo alivyo. Chota wachache, walowesheni kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi hadi kumi na tano. Wanarudi umbo, mapezi yanafunguka. Chagua kumi walio wazima, wapange kwenye sahani nyeupe, vichwa upande mmoja. Kumi, si mmoja, maana mmoja anaweza kuwa mgeni tu aliyeingia kwenye wavu. Kisha angalia sehemu nne: mdomo, pezi la mgongoni, ubavu na tumbo.

Anza na mdomo, kwa sababu mdomo unamtoa wa baharini mara moja. Dagaa mchele ana pua iliyochomoza mbele kuliko taya la chini, hivyo mdomo wake uko chini ya pua. Mfungue kwa ukucha: mdomo unachanika kwenda nyuma hadi kupita jicho. Hakuna wa ziwani kati ya hawa tunaowasema mwenye mdomo huo. Ubavuni ana mkanda wa fedha ulionyooka kutoka kichwani hadi mkiani, na nyama iliyobaki ilikuwa karibu kuonyesha mwanga alipokuwa mbichi. Pitisha kidole tumboni, kati ya mapezi ya kifuani na yale ya tumboni, utahisi vimiba vichache vyembamba kama sindano.

Mkishamtoa wa baharini, mmebaki na wawili wanaogombanisha watu: Kigoma na Mwanza. Hapa mdomo hausaidii sana. Hapa angalieni pezi la mgongoni.

Dagaa wa Kigoma pezi lake la mgongoni liko katikati ya mgongo, na mapezi ya tumboni yako chini yake au karibu na hapo. Dagaa wa Mwanza pezi lake limesogea nyuma, limekaa juu ya lile pezi refu la chini lililo karibu na mkia. Nasema tena: katikati ni Kigoma, nyuma ni Mwanza. Wa pale mwisho, mmesikia? Katikati?

(Kigoma!)

Nyuma?

(Mwanza!)

Sasa hamtadanganywa kirahisi. Lakini mapezi ya dagaa mkavu hukatika, hasa mzigo ukikanyagwa, kwa hiyo mnahitaji shahidi wa pili. Shahidi huyo ni ubavu. Dagaa wa Mwanza ana mstari wa vitundu vidogo uliokwenda chini, karibu na tumbo kuliko mgongo, hadi kwenye shina la mkia. Wa Kigoma hana mstari wa vitundu mwilini. Mpeleke kwenye mwanga wa pembeni, mgeuzegeuze. Kama macho yamechoka, kamera ya simu inakuza vizuri. Shahidi wa tatu ni unene. Mkate kwa kisu katikati ya kiwiliwili: wa Kigoma kipande chake kinaelekea kuwa cha mviringo, wa Mwanza ni bapa, amebanwa mbavu.

Na ukubwa je? Hili ndilo watu wengi wanalolitegemea, na ndilo linalowaponza. Ni kweli dagaa wa Mwanza huwa mdogo, mara nyingi sentimita nne hadi sita, na wa Kigoma huonekana wa sita hadi tisa. Lakini wa Mwanza naye anaweza kufika tisa. Mtu akichekecha magunia mawili ya Mwanza akakutolea wale wakubwa tu, rula yako itakuambia Kigoma. Rangi nayo ni shahidi dhaifu. Dagaa yeyote aliyekauka haraka juani siku kavu anang'aa, na dagaa yeyote aliyenyeshewa akikauka anageuka njano au kahawia.

Niwape kisa kidogo cha namna linavyotokea. Mama mmoja ananunua gunia kwa bei ya Kigoma. Anafungua mdomo wa gunia, anaona samaki warefu, weupe, safi. Analipa. Siku ya tatu amefika katikati ya gunia, wateja wanaanza: "Mama, dagaa wako wamebadilika, wana mchanga." Anamfuata muuzaji. Muuzaji anaapa. Mama naye anaapa. Watu wanajaa, kila mmoja na upande wake. Mzee mmoja wa soko anaagiza sahani mbili na maji ya moto kidogo: kumi wa juu, kumi wa katikati. Wa juu pezi katikati, wa katikati pezi nyuma. Kelele zikaisha. Muuzaji akarudisha tofauti ya bei, kwa sababu hapakuwa na cha kubishania.

Mmeona? Kiapo hakikusaidia. Msiulize gunia, muulizeni samaki.

Kuna mambo mawili ya haki lazima niyaseme kabla hatujamhukumu mtu. La kwanza: "dagaa wa Kigoma" si lazima awe ameshushwa kwenye mialo ya Kigoma, Kibirizi au Katonga. Ziwa ni refu. Mzigo wa Karema na Ikola unaweza kupanda Mpanda ukaja kwa reli kupitia Kaliua. Wa Kipili na Kasanga una njia zake. Na upo wa kutoka ng'ambo. Samaki ni yuleyule. Ubora wa ukaushaji unaweza kutofautiana, lakini aliyekuuzia wa Karema hajakuuzia samaki mwingine.

La pili ni lumbu. Ziwa Tanganyika lina ndugu wawili wa ukoo huo. Yuko dagaa mwenyewe, mwembamba, wa maji ya mbali na ufukwe; na yuko lumbu, Limnothrissa miodon, mnene zaidi, anayefika hadi sentimita kumi na saba, na akikua anamla dagaa. Ndiye aliyepelekwa Ziwa Kivu na bwawa la Kariba, akastawi kote. Lumbu mkubwa hamkosei. Lumbu mchanga ukimweka kando ya dagaa ni kazi ngumu hata kwa mzoefu, na wanavuliwa pamoja karibu na ufukwe. Ukiwaona wachache ndani ya gunia usiite watu. Hiyo ni kazi ya wavu tu.

Ziko nyakati za kuongeza macho. Mwaka 2024 upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kipindi cha namna hiyo gunia jipya linaloitwa Kigoma, lenye harufu ya juzi, linatakiwa lijieleze. Sisemi kila mwenye nalo ni mwongo. Kuna watu wenye akiba. Nasema toa sahani.

Jambo la pili ni gunia lenyewe, na wageni waliomo.

Wavu hauchagui. Anayevua dagaa Ziwa Viktoria anavua na furu wadogo, na anavua na uduvi. Furu ni rahisi kumtambua hata akiwa mkavu: mfupi, mpana, na ana pezi moja refu la mgongoni lenye miba migumu mbele. Ukiona furu wengi na uduvi kwenye gunia lililoandikwa Kigoma, umeshapata nusu ya jibu. Mzigo wa Tanganyika una mgeni wake: mgebuka mchanga. Huyu ana mapezi mawili ya mgongoni, la mbele la miba, na mdomo mkubwa kuliko dagaa. Mzigo wa baharini una ngisi wadogo, kamba, na vipande vya kombe.

Lakini wageni hawa mtawaonaje kama mnachota juu tu? Juu ya gunia ni dirisha la duka, watu hupanga vizuri. Fungua mdomo, ingiza mkono hadi kwapani, chota juu, chota katikati. Kisha mwambie mwenye mzigo alilaze gunia, mfungue mshono wa chini kidogo. Akikataa kufungua chini, hiyo nayo ni taarifa. Machoto matatu yasichanganywe. Kila moja kwenye sahani yake.

Papo hapo pima mchanga. Chukua kilo moja kwenye chekeche, tikisa juu ya turubai jeupe kwa dakika moja, kisha pima kilichoanguka. Waliokaushwa kwenye chanja hawatoi kitu zaidi ya magamba na vichwa. Waliokaushwa kwenye mchanga wanatoa mchanga, na mchanga mnaununua kwa bei ya samaki. Halafu mvunje mmoja. Aliyekauka sawasawa anavunjika kwa mlio. Anayepinda bila kuvunjika bado ana maji, na ndani ya siku chache za masika ataota ukungu katikati ya gunia, mahali ambapo huoni. Yule wa njano anayenata vidoleni, mwenye harufu ya mafuta ya zamani, amechacha mafuta yake. Kigoma ana mafuta mengi, kwa hiyo uzuri wake na udhaifu wake ni kitu kimoja. Kuosha hakumrudishi. Na wale wadudu weusi wenye vibuu vya manyoya: anika upya juani, pepeta, weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Dawa ya kuua wadudu wa shambani isikanyage karibu na chakula. Tafadhali sana.

Nimwongelee mama lishe kidogo, maana yeye hujua tofauti kwa njia ya uchungu. Dagaa mchele wengi, hasa wale wa Zanzibar, huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi ndipo wakaanikwa. Wa Kigoma na wa Mwanza kwa kawaida huanikwa wabichi, bila chumvi. Sasa mama amezoea wa Kigoma: anaosha mara mbili, anakaanga, anaweka nyanya, anaweka chumvi yake ya siku zote. Siku hiyo mzigo ni wa baharini na hakuambiwa. Sufuria ya watu ishirini, hailiki. Anaongeza maji, nyanya, viazi. Chumvi bado ipo. Kwa wa baharini, loweka dakika ishirini hadi thelathini, mwaga maji, onja mmoja, ndipo uamue kama chumvi inahitajika. Usiwaache usiku kucha, nyama yao imeshaiva, watamomonyoka. Wa Mwanza toa vichwa na uoshe kwa maji mengi mpaka chini ya beseni kusiwe na mchanga. Mimi nasema dagaa wa Mwanza aliyeoshwa kwa subira hashindwi na yeyote kwenye mchuzi wa karanga, na mwenye kumdharau amewahi kumla kwa mpishi mvivu. Auzwe kwa jina lake tu.

Jambo la tatu: wale wakubwa. Hapa nitakwenda mbio, isipokuwa mahali pamoja.

Migebuka na vibua. Wote wa fedha, wote warefu wa kujaa sahani, na wakishakatwa vichwa na kukaangwa watu huwachanganya. Mgebuka ni wa Ziwa Tanganyika, ndugu wa sangara. Kibua ni wa baharini, ndugu wa jodari. Tofauti iko kati ya pezi la pili na mkia. Kibua ana vipezi vidogo vilivyoachana, vitano juu na vitano chini. Mgebuka hana hata kimoja. Muuzaji anaweza kukata kichwa, lakini ni nadra kukata sehemu hiyo. Kibua cha pwani yetu kina doa jeusi nyuma ya kifuniko cha matamvua, karibu na pezi la kifuani. Yule wa kwenye katoni kutoka nje mara nyingi ana michirizi ya mawimbi mgongoni. Bei zao haziendi pamoja, ninyi mnajua kuliko mimi.

Sangara wa Viktoria ana mkia wa mviringo na jicho jeusi lenye duara la njano. Nonzi wa Tanganyika, ndugu yake, mkia umegawanyika. Kwa sangala (si sangara), naye wa Tanganyika, mwenye macho makubwa, jicho lenyewe linatosha. Minofu iliyochunwa ngozi hapo siwezi kuwasaidia. Mnunue kwa mtu mnayemjua. Nguru na papa vikiwa vipande: nguru ana mifupa ya mbavu na ngozi laini, papa hana mbavu, katikati ana gegedu, na ngozi yake ukiisugua kutoka mkiani kwenda kichwani inakwaruza.

Mahali pamoja pa kusimama ni hapa. Vibua, jodari, sehewa na nguru wana hatari ambayo mgebuka hana kwa kiasi hicho. Nyama yao ikikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza sumu iitwayo histamini. Sumu hii haionekani. Samaki anaweza asinuke. Na sikilizeni vizuri: kupika hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, kugandisha upya hakuiondoi.

Umeme umekatika mchana kutwa. Friza limefunguliwa mara kwa mara. Jioni umeme umerudi, vibua vimeganda tena, vinaonekana vizuri. Kesho yake watu watano wamekula mgahawani. Ndani ya saa moja nyuso nyekundu, vichwa vinauma, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio. Mmoja anasema tumelogwa, mwingine anasema mzio. Wote watano mzio siku moja? Hapana. Waliokula waende hospitali, na samaki aliyebaki asiuzwe.

Katoni iliyoyeyuka na kugandishwa tena ina dalili. Barafu nyekundu yenye damu imekusanyika chini, katoni imelowa na kukauka na madoa, samaki wamepinda wakagandana bonge moja, kona za boksi zimelegea. Ukila kipande ukahisi kinachoma ulimi kama pilipili na pilipili haikuwekwa, tema. Na ukikatika umeme, friza lifungwe, lisifunguliwe. Lijae badala ya kuwa nusu tupu, linashika baridi muda mrefu zaidi. Vilivyoyeyuka kabisa na kukaa na joto vitupwe. Najua katoni ni hela. Vitupwe.

Haya. Nimeongea vya kutosha, na mikono yenu inawasha. Kwenye zile meza tatu kuna sahani kumi na mbili, zimeandikwa namba tu, hakuna jina. Maji ya vuguvugu yapo, visu vipo, chekeche ziko mbili, tupokezane. Sahani namba saba ina mchanganyiko, msiikimbilie kwanza. Kila mmoja aandike jibu lake na sababu: pezi, mdomo, ubavu au tumbo. Jibu lisilo na sababu halihesabiwi. Mama lishe watangulie, wana masufuria motoni. Nani anaanza?